Mama wa Kambo wa Kampuni ya Kobe

Kuna kampuni moja ya katuni, huko ng'ambo, ambayo filamu zake zote huanza kwa kobe wa kijani anayepiga chafya. Watoto wa mtaani kwetu hapa Malindi wakimwona kobe huyo hupiga makofi. Mimi nikimwona mkono unaniwasha nimrushie kiatu. Nimezitazama filamu za kampuni hiyo kuliko mtu mzima yeyote ninayemjua, na nimezitazama kwa nia mbaya, kama mtu anayechambua mchele wa duka asiloliamini. Nayaandika haya kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba ni katuni tu.

Wa kwanza kuniambia hivyo alikuwa mume wangu. Yeye ni fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha chumvi, Gongoni. Hulala huko siku za kazi, na hurudi Alhamisi jioni ili Ijumaa aswali mjini na kula nasi. Nilipoolewa naye alikuwa amefiwa na mke, na alikuwa na binti mdogo ambaye bado alikuwa akivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Mtoto yule alianza kuniita mama upesi, bila kufundishwa na mtu, nami nikaitika bila kujishauri. Mungu hakunijalia mwingine. Kwa hiyo mimi ni mama wa kambo, na neno hilo sikuwa na ugomvi nalo hata kidogo mpaka kobe alipoingia mtaani.

Alimleta wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu. Nyumba yake iko uchochoro wa pili kutoka kwetu, ina sebule pana na televisheni kubwa kama mlango, na kila Jumamosi watoto wakitoka chuo cha Kurani hujazana kwake kutazama filamu. Tusidanganyane: wifi yangu hakunitaka tangu siku ya posa. Alizaa wavulana watupu, na alitaka kumchukua binti wa ndugu yake amlee yeye tangu mama wa mtoto alipofariki. Kila akiniona hutafuta pa kuanzia. Mara, "Mtoto mbona kichwa hakijasukwa?" Mara, "Huyu mtoto yuakonda." Na neno lake kwa mume wangu ni zito kuliko langu, kwa sababu mama yao alipokufa yeye ndiye aliyemlea.

Filamu hununua kwa dijei mwenye kibanda karibu na soko. Kazi ya dijei huyo ni kuchukua filamu ya kigeni, akayanyamazisha maneno yake yote, kisha akaingiza sauti yake mwenyewe kwa Kiswahili. Hufanya sauti zote peke yake: baba, mtoto, punda na upepo. Sidhani anaielewa sana hiyo lugha ya wenyewe. Anatazama picha, anakisia, na pale pasipoeleweka anaongeza ya kwake, na watu humpendea hayo ya kwake. Ukimpa flashi anakujazia.

Filamu ya kwanza ya kobe ilikuwa ya binti wa fundi wa vioo. Baba anafiwa, anaoa tena, halafu anasafiri. Mama wa kambo ana shingo ndefu, nyusi zilizochongwa, na kiuno cha mtu ambaye hajaonja chakula chake mwenyewe jikoni hata siku moja. Anaitaka karakana iwe yake. Basi anamtilia mtoto dawa ya usingizi kwenye supu. Dijei wetu aliiona supu ni jambo la ugenini, akasema uji. "Kunywa uji, mwanangu," akaitoa kwa sauti ya puani, sauti ya mwanamke anayegombania bei ya samaki, kisha akaangua kicheko kirefu. Mtoto anakunywa, analala, anaamkia msituni, anakutana na nungunungu anayeimba, na mwisho mama wa kambo anatumbukia tanurini. Sebule nzima ya wifi yangu ilishangilia. Baba anarudi safarini, anakumbatiwa, na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi.

Ya pili ilikuwa ya kindi. Hapo kampuni ilijifanya imebadilika, kwa kuwa safari hii hakuna majumba wala mavazi ya hariri, ni wanyama tu na mikia yao. Lakini ukiondoa manyoya ni hadithi ile ile. Mama wa kambo anaficha akiba ya chakula na kuwatoa watoto nje kwenye baridi. Naye baba kindi amelala. Simsingizii: amelala kweli kweli, kwa sababu kindi wa huko hulala majira ya baridi, kwa hiyo filamu inaanza amelala na watoto wanafukuzwa amelala. Anaamka mama wa kambo akiwa ameshachukuliwa na mto. Ananyoosha viungo, na watoto wanamrukia kwa furaha. Mume wangu alisema hii ya pili ni bora kuliko ya kwanza, inachekesha zaidi. Nikamwambia lazima ataipenda, baba amelala na bado anakumbatiwa. Hakunielewa, au alijifanya hakunielewa.

Nikizilinganisha hizo mbili, ya kwanza ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu ya ule uji. Kindi angeficha njugu zake mpaka Kiyama na hakuna mtoto wa Malindi ambaye angeona linamhusu. Lakini uji! Uji wa mchele, wenye tui na sukari, ndio kiamshakinywa cha mtoto wangu tangu nilipomjua. Na sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu wa kuogopa chakula. Mtu akiugua tumbo, swali la kwanza ni alikula kwa nani. Kampuni ya kobe haikuijua hiyo hofu, lakini dijei aliijua, kwa kuwa amezaliwa nayo, na akaitia mle ndani ya bakuli.

Asubuhi moja mtoto aliusukuma uji. "Sina njaa," akasema. Nikamwambia asinitanie, gari la shule halimsubiri mtu. Akachungulia bakuli, akaniuliza, "Umetia nini?"

"Tui na sukari. Ningetia nini?"

Akaniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mtu niliyemwosha. Akaondoka na njaa yake, nami nikakaa jikoni na bakuli lile, nikiwa na hasira ambazo sikujua nimpe nani.

Mimi ni mwanamke wa kelele. Nimezaliwa kwenye nyumba ya kelele, na mtoto huyu nimemlea kwa kufoka: oga, vaa, rudi, usikimbie na kijiti mdomoni, nani kaacha mlango wazi. Majirani wanajua saa ya shule kwa sauti yangu. Lakini baada ya siku ile niliingiwa na woga. Nilijiambia, huyu mtoto ameona wanawake wabaya kwenye televisheni, ukimfokea utakuwa kama wao. Nikaishusha sauti. Nikaanza kumbembeleza. "Kula, mwanangu. Kunywa kidogo, kipenzi, upate nguvu." Nilijisikia kama nimevaa nguo ya mtu mwingine, lakini nikavumilia. Kadiri nilivyobembeleza ndivyo alivyozidi kukataa. Akawa anakula mkate wa dukani na ndizi aliyoimenya mwenyewe. Ijumaa baba yake akiwepo, tukikaa kwenye sinia moja, alikula upande wa baba yake tu, na bado alibakisha.

Habari ilimfikia wifi yangu hata kabla sijaosha sinia. Alikuja akasimama mlangoni, hakuingia. "Mtoto halii bure, na haachi kula bure," akasema. "Mimi sisemi kitu. Lakini nitamwambia ndugu yangu amlete kwangu. Hata kwa muda."

"Kwa muda gani?"

"Mpaka ale."

Basi hapo nilijua nilipo. Mtoto asipokula kwangu, anahama. Na akihama uchochoro wa pili harudi, kwa sababu huko kuna televisheni, kuna binamu zake, na kuna shangazi wa damu. Sikuwa na cha kuweka mizanini isipokuwa miaka yangu, na miaka haionekani kwa macho.

Mume wangu, kwa wema wake wa kivivu, akadhani dawa ya filamu ni filamu. Alhamisi akaja na flashi kutoka kwa dijei, anatabasamu. "Hii ni ya kobe pia, lakini humu mama wa kambo ni mzuri. Mtazame nyote wawili." Yaelekea watu wa huko ng'ambo walikuwa wamelalamika, na kampuni ikaamua kutubu. Tukaitazama kwenye simu yake, sote watatu mkekani.

Sijaona toba mbaya kama ile. Mama wa kambo wa filamu hii ni mnene kidogo, anapika mikate, na anaongea polepole tangu mwanzo kama mtu aliye karibu na mgonjwa. Mtoto wa mume wake anakataa kumwita mama. Wanapanda puto kubwa lenye kikapu kwenda kumtafuta baba (amesafiri, bila shaka) na puto linachanika juu ya milima. Uzito umezidi. Mama wa kambo anamkatia mtoto kipande cha mwisho cha mkate. "Kula, kipenzi," anamwambia. Analia kidogo, halafu anaikata kamba ya upande wake na kuanguka. Ni wakati anaanguka ndipo mtoto anapiga ukelele: "Mama!" Muziki unapanda. Mume wangu alikuwa anajifuta macho.

"Umeona?" akaniambia. "Mzuri."

"Amekufa," nikasema.

"Lakini amekufa vizuri."

Nilitoka nje nisije nikaivunja simu yake. Mpaka leo nasema hii ya tatu ni mbaya kuliko zote mbili za mwanzo. Zile mbili zilinitukana waziwazi, na tusi la wazi mtu hulijibu. Hii inakuja na mkate mkononi na kukueleza kwa upole kwamba mama wa kambo mwema yupo, ila sharti awe marehemu. Jina ambalo mtoto wangu alinipa bure, kabla hata hajajua kuvaa viatu, kampuni ya kobe ilitaka nilinunue kwa kuanguka kutoka mawinguni. Na baba, ambaye ndiye aliyesababisha safari yote, alipatikana mzima kwenye picha ya mwisho, amekaa mkahawani.

Tangu siku ile mtoto aliacha hata chakula cha usiku. Niliapa kwamba ni uji wa filamu ya kwanza bado unamkaa moyoni. Nilikuwa na uhakika huo kabisa, na uhakika huo ndio ulionipeleka kwa dijei.

Nilimkuta kibandani, kijana mwembamba mwenye kofia, ametundika vipande vya magodoro ukutani ili kuzuia kelele za tuktuk. Akaniamkia kwa adabu zote. "Shikamoo, mama. Nikutilie ipi?"

"Marahaba. Mimi sikuja kutiliwa. Nimekuja kukuuliza, wanawake wote hawa wewe huwapa sauti ya nani?"

Akacheka. "Ile ya puani? Wateja waipenda, mama. Mtu ataka awe na wa kumchukia. Filamu isiyo na wa kuchukiwa hainunuliwi."

"Basi mchukieni baba. Asafiri yeye, alale yeye, achukiwe mke?"

Alifikiria kidogo, na lazima niseme alifikiria kweli. "Baba hana maneno ya kutosha, mama. Sitoweza kumchukia mtu asiyesema."

Nikamwambia nimesikia ana filamu mpya ya kobe ambayo hajaitia sauti. Nikamwambia sauti ya mama wa kambo nitaifanya mimi. Macho yakamtoka. Sauti ya mwanamke halisi hakuna dijei wa pwani yote hii aliyekuwa nayo, alisema, na nikaona tayari anawaza jinsi atakavyoitangaza sokoni. Mimi nilikuwa nawaza kitu kingine. Kama yeye anaweza kugeuza supu ikawa uji, mimi nitashindwaje kugeuza mwovu akawa mwema? Maneno ni yangu. Picha iseme inavyotaka.

Tuliifanya kazi hiyo asubuhi, feni imezimwa kwa sababu inanguruma, jasho linatutoka. Filamu ilihusu malkia anayefuga ndege, na kila ndege kwenye vizimba vyake alikuwa mtoto aliyegeuzwa. Kucha zake zilikuwa ndefu kama vijiko. Kila alipofungua mdomo, nilimpa maneno yangu ya nyumbani. Alipomkaripia binti wa mumewe, nikamfanya aulize kama amechoka na shule. Alipomfungia chumbani, nikamfanya amtakie usingizi mwema. Na pale alipomletea kikombe cha maziwa, nikaweka yale yale niliyokuwa nayasema kila jioni kwa uchungu wote: "Kunywa kidogo, kipenzi, upate nguvu." Niliyasema vizuri mno.

Dijei alivua vifaa vya masikioni, akanitazama kwa heshima mpya. "Wallahi hii inatisha, mama. Umeweza."

Nilidhani ananisifu. Kwa kweli alikuwa ananisifu. Ila sikuuliza kwa nini alisema inatisha.

Jumamosi hiyo, kwa mara ya kwanza, nilikwenda mwenyewe kwa wifi yangu. Nilivaa buibui langu zuri, nikaketi nyuma ya watoto kama mgeni rasmi. Kobe akapiga chafya. Malkia akatokea, akaongea, na mtoto mmoja akageuka na kupiga kelele, "Si mamaako huyo?" Wote wakamgeukia mtoto wangu. Naye akanyanyua kichwa juu, anacheka, akawaambia ndiye, ni mamake, yuko kwenye filamu. Kwa muda ule mfupi nilihisi nimeshinda. Nilimtazama hata wifi yangu kwa jicho la pembeni.

Kisha malkia akaja na kikombe. Kucha zile zimekizunguka, macho yanang'aa, maziwa yanatoa moshi wa kijani, na sauti yangu, sauti yangu mimi, inasema taratibu, "Kunywa kidogo, kipenzi, upate nguvu." Binti akanywa. Mikono ikaota manyoya. Akapiga kelele ambazo dijei alizifanya kwa ufundi mkubwa, zikageuka kuwa mlio wa ndege, na kizimba kikafungwa. Na mimi bado naongea kutoka kwenye televisheni, kwa upole, namtakia usingizi mwema.

Sauti ya puani iliwachekesha hata walipokuwa wakiogopa, lakini hii haikumchekesha mtu. Mtoto wangu alikuwa ameacha kucheka. Aliitazama televisheni, halafu akageuka akanitazama mimi, halafu televisheni tena. Wifi yangu hakupandisha hata sauti.

"Afadhali umejitangaza mwenyewe," akasema.

Sitaki kuielezea sana wiki iliyofuata. Nilimlaani kobe, nikamlaani dijei na waliomzaa dijei, nikamlaani mchoraji wa zile kucha popote alipo. Nilizidi kubembeleza kwa sababu sikujua jambo lingine la kufanya, na mtoto alizidi kuyeyuka mbele yangu, mkate wa dukani na maji. Alikuwa haniogopi, hilo ndilo lililonichanganya. Usiku alikuja kulala ubavuni mwangu kama kawaida. Alinishika nguo alipolala, akaishika kwa nguvu kuliko zamani. Lakini chakula changu hakukitaka.

Ijumaa mume wangu alipotoka msikitini, dada yake alikuwa nyuma yake na begi. Nilikuwa nimepika wali wa nazi na mchuzi wa nyama, na sinia lilikuwa tayari chini. Wifi yangu akaliweka begi lake karibu na mlango.

"Nguo zake zi wapi?" akauliza.

Mume wangu aliangalia vidole vya miguu yake. Hapo nilielewa kwamba walishaongea, na kwamba alikuwa amelala usingizi wa yule kindi. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, hebu amka, unachukuliwa mtoto. Akasema polepole kwamba mtoto hali, mke wangu, mtoto hali, nifanyeje.

Wifi yangu akamvuta mtoto, akamshika mabega. "Sema, mwanangu, usiogope. Shangazi yuko hapa. Kwa nini huli chakula cha huyu?"

Mtoto akaanza kueleza, na alieleza kama mtu aliyeulizwa swali na mwalimu na anayejua jibu.

"Kwenye filamu za kobe," akasema, "mama wa kambo akianza kumbembeleza mtoto ale au anywe, ndipo mambo yanaharibika. Wa vioo alisema kunywa mwanangu, mtoto akalala. Wa ndege alisema kunywa kipenzi, mtoto akawa ndege. Wa puto alisema kula kipenzi, halafu yeye mwenyewe akaanguka, akafa. Ni hao tu. Wa kindi hakumlisha mtu." Akameza mate. "Na mama sasa aongea vile."

"Mwaona!" Wifi yangu alitugeukia. "Mtoto aogopa kutiliwa sumu!"

"Siogopi kutiliwa," mtoto akamkata, na sauti yake ilikuwa ya hasira, hasira zangu kabisa. "Uji niliuogopa mwanzo tu. Mama hawezi kutia. Mimi naogopa ya puto. Nikila, itafika pale."

"Pale wapi?" baba yake akauliza.

"Pale anapokufa. Nisipokula haifiki." Akamtazama baba yake kana kwamba alipaswa kulijua hilo bila kuambiwa. "Mama yule wa kwanza alikufa. Huyu simpi nafasi."

Mume wangu aliketi chini pale pale alipokuwa amesimama. Mimi niliyekuwa nimeapa kwamba nimezichambua filamu zile chembe kwa chembe sikuwa nimeziona kama alivyoziona yeye. Nilikuwa nimetafuta matusi yangu tu. Yeye alikuwa amezilinganisha zote nne, akaitoa ile isiyohusika, akapata kanuni, na akakaa na njaa kwa ajili ya kanuni hiyo, akinilinda.

Sikumkumbatia. Nilitaka, Mungu anajua, lakini kwenye filamu zile kila mtu hukumbatiwa muziki ukipanda, na sikutaka kitu chochote pale ndani kifanane nazo. Nikaivuta pumzi mpaka tumboni, nikaitoa ile sauti niliyokuwa nimeizika.

"Nani kakwambia mimi nakufa?" Nilifoka mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Nife, hivyo vyombo nani ataosha, babaako? Hata sufuria haijui ilipo! Kaa kitako hapo! Kula wali huo kabla haujapoa, na nikikuona wachagua nyama waacha viazi utanijua! Nimesimama jikoni tangu asubuhi kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya kobe?"

Mabega ya mtoto yalishuka. Niliyaona yakishuka. Akajitoa mikononi mwa shangazi yake, akanawa mikono, akaketi upande wangu wa sinia, akakata tonge.

"Na wewe wifi," nikaendelea, "kaa ule, au beba begi lako. Sinia haliwi kwa kusimamiwa."

Wifi yangu alikaa. Sijui kwa nini alikaa, na sijamuuliza. Mume wangu naye akasogea, akala kimya, kichwa chini. Mtoto alikula tonge la pili na la tatu, akatafuna, akameza, na mimi nikaendelea kufoka. Nilifokea mlango ulioachwa wazi, nikafokea viatu, bei ya nazi, na watu wanaosahau kuzima taa. Yaliponiishia ya kufokea nikarudia ya mwanzo. Sikuweza kunyamaza, kwa sababu nilijua nikinyamaza tu nitalia, na yule wa puto alilia kabla ya kukata kamba, na mtoto alikuwa amesimamisha tonge hewani, ananitazama usoni, anasubiri kuona kama nitalia.